Mtawala Anayengoja Chozi

Jana usiku nimeimaliza tena ile riwaya ndefu ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, Mũrogi wa Kagogo, aliyoiandika kwa Kikuyu kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 2006. Wanaoitaja hupenda kusimulia vichekesho vyake. Waziri Machokali akaenda Ulaya kupanuliwa macho ili awaone popote walipojificha maadui wa Mtawala, dikteta wa nchi ya kubuni ya Aburĩria. Waziri mwenzake Sikiokuu naye, kwa wivu, akapanuliwa masikio. Halafu kuna ule mnara wa kufika mbinguni, zawadi ya siku ya kuzaliwa, ili mkubwa awe anapita kwa Mungu kumjulia hali.

Nilicheka, sikatai. Ila kilichoninyima usingizi ni nyumba ya Rachael.

Rachael ni mke wa Mtawala. Alithubutu kumuuliza mumewe habari za wasichana wa shule anaowaingiza kitandani. Basi akafungiwa mahali ambapo saa zote zimesimamishwa palepale alipouliza. Chakula ni kilekile cha jioni ile, nguo zilezile, wimbo wa dini uleule. Atatoka siku atakapolia. Na halii ng'o!

Mtu ana jeshi, ana magereza, ana nchi nzima ya Aburĩria inayomshangilia, na bado roho inamwasha kwa sababu ya chozi moja analonyimwa. Mnara angalau ungeonwa na ulimwengu. Nyumba ile imefichwa, lakini yeye anajua kwamba ndani yake yumo mtu asiyemwogopa.

Sisi tuliokulia Kenya enzi za Moi, taarifa ya habari ikifunguliwa kwa "Mtukufu Rais" hata kama siku hiyo alikwenda kanisani tu, tunamtambua Mtawala huyu haraka. Haraka mno, pengine. Ile ngozi ya chui kwenye suti za Mtawala mimi hunipeleka kwa Mobutu wa Zaire na kofia yake ya chui, na sidhani Ngũgĩ alitaka tuishie kwa mmoja.

Sehemu ambayo Mtawala anafura mwili huko New York, alikokwenda kutafuta mkopo wa mnara, ilinichosha. Majivuno yaliyogeuka maradhi, sawa, nimeelewa mapema. Madaktari wanaendelea kumpima tu. Kitabu kina kurasa zaidi ya 700. Ningezikata nyingi za uvimbe ule nimwongezee Rachael, nimsikie anajisemea nini usiku, wimbo ukianza upya.