Karatasi ya Jumamosi: ninavyopanga timu ya kula biriani peke yangu

Watu wananiuliza kwanini timu zangu za Jumamosi zinakaa vile, yani wiki nyengine mtu anafungua karatasi yangu anacheka mpaka anaita wenzake, "njooni muone, mabeki wawili na kipa wa timu moja, na Saka kamwacha!" halafu wiki nyengine karatasi ya aina hiyo hiyo ndio inakula biriani. Sa nimeamua niandike hapa mara moja, manake kueleza mmoja mmoja barazani nimechoka.

Kwa wasiojua, banda letu la mpira huku Langoni, hapa Lamu, tuna mchezo wetu wa siku moja. Msingi ni ile ile Fantasy Premier League (FPL) mnayoijua, mchezo wa mtandaoni wa kupanga timu kwa wachezaji wa ligi ya Uingereza na kulipwa pointi kwa wanachofanya uwanjani, bei za wachezaji tunachukua kule na pointi tunachukua kule, ila haya mambo ya kusubiri mpaka Mei kujua nani kashinda hatuna. Jumamosi unaandika wachezaji kumi na mmoja, jumla wasizidi milioni 80 za kufikirika, klabu moja mwisho watatu, na mmoja unamzungushia duara, huyo ndio kepteni, pointi zake mara mbili. Karatasi unaikunja unaitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya friji ya mwenye banda. Kopo linafungwa dedlaini ya FPL ikifika, yani dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na vikosi vya timu vyenyewe vinakuwa havijatangazwa, kwa hiyo ukimuweka mtu akaanzia benchi ni shauri yako.

Pesa hakuna. Kuna mmoja aliwahi kupendekeza kila mtu atoe shilingi mia, maalim mmoja alikuwa amekaa pale pembeni na kikombe chake cha kahawa, akauliza tu, "na hiyo si kamari?" basi mjadala ukaishia pale pale. Zawadi anatoa mwenye banda kwa hiari yake, sahani ya biriani na kuingia bure wiki inayofuata. Mshindi ni mmoja. Wa pili hapati hata soda.

Na hapo ndipo watu wengi hawapaangalii. Mchezo wa mtu kula peke yake haupangwi kama mchezo wa watu wawili. Tukibishana mimi na wewe tu, nataka timu tulivu, wachezaji wa uhakika, pointi hamsini sitini za kawaida, wewe ukikosea kidogo nimekupita. Lakini banda lina watu ishirini na kitu, timu ya pointi sitini za kawaida itamaliza ya tano, ya sita, ya nane, na kumaliza wa sita na kumaliza wa mwisho njaa yake ni ile ile. Kwa hiyo swali la "huyu ataniletea pointi ngapi" ni nusu tu ya hesabu, nusu ya pili ni "akileta, tutakuwa naye wangapi?"

Wamarekani wamelifanya hili biashara kubwa, kwenye ule mpira wao wa kukumbatiana na kukimbia na tufe mkononi. Kampuni kama DraftKings na FanDuel zina mashindano ya namna hii kila wiki, DraftKings unapewa dola 50,000 za kufikirika ujaze nafasi tisa, na yale mashindano makubwa sehemu kubwa ya waliojiunga wanaondoka mikono mitupu na sehemu kubwa ya zawadi imerundikwa juu kabisa. Hatuwezi kucheza kule na wala hatuna haja, lakini akili yao ya kupanga timu inafaa hata kwa kopo letu.

Kule mtu anaangalia asilimia ya watu wanaotarajiwa kumchukua mchezaji fulani. FPL pia inakuonyesha asilimia, lakini hiyo ni ya dunia nzima, mamilioni ya watu na wengine timu walishaziacha tangu Septemba. Mimi dunia nzima hainihusu, nashindana na watu wa banda. Na watu wa banda asilimia yao unaipata bure kabisa, Ijumaa baada ya swala, ukikaa barazani hapo Mkunguni ukanyamaza. Kunyamaza ndio kazi. Juzi nimemuuliza ami mmoja, mtu mzima, fundi wa mashua, "Ami, kesho kepteni nani?" akanitazama kama nimemuuliza jua linatokea upande gani. "Mwanangu, Haaland, na mwengine nani?" Wenzake wote wakaitikia kwa kichwa. Basi hapo nimeshajua karatasi kumi na zaidi zina duara wapi kabla hata hazijaandikwa. Halafu kuna mashabiki wa Arsenal, hao beki mmoja wa Arsenal watamuweka hata akiwa anacheza na mguu mmoja, na wa Man United nao mnawajua, moyo hauna dawa.

Sa hapa watu wananielewa vibaya. Sisemi uwaache wazuri uchukue wabovu ili uonekane mjanja. Haaland, straika wa Man City, anapendwa kwa sababu anafunga, msimu wa 2022/23 alifunga 36 kwenye ligi kwa mechi 35, huyo si mtu wa kumdharau. Ninachosema ni hivi, akiwa kepteni wa watu kumi na tano na akafunga mawili, wewe uliye naye hujapanda hata ngazi moja, mmepanda nyote. Akitoka kapa, na hata msimu ule wa 36 alikuwa na siku za kutoka kapa, watu kumi na tano wamezama kwa pamoja na wewe uliyemzungushia mwengine duara umebaki na watu watano tu wa kupambana nao. Wakati mwengine ninamuweka kwenye timu bila duara. Wakati mwengine namuweka na duara kabisa kama kila mtu, lakini wale kumi waliobaki natafuta mahali pa kuachana na watu.

Mfano wangu ninaoupenda ni City na Man United ya tarehe 2 Oktoba 2022, ile ya sita tatu. Haaland alifunga matatu na kutoa pasi mbili za magoli. Kwa pointi za FPL hesabu mwenyewe, goli la straika ni 4, pasi ya goli ni 3, kwa hiyo 12 na 6 kabla hujaingiza pointi za dakika alizocheza na bonasi. Karibu kila mtu alikuwa naye! Ile siku Haaland alikuwa kama maji ya bomba, kila nyumba anayo. Aliyeleta tofauti ni Foden, naye alifunga matatu, na kiungo akifunga ni pointi 5 kila goli, na mawili kati ya hayo matatu pasi katoa nani? Haaland huyo huyo. Yani ukiwa na wote wawili, mpira mmoja ukiingia wavuni unalipwa mara mbili, 5 huku na 3 kule. Huku ndio kurundika, na Wamarekani wanafanya hivyo hivyo, anayerusha tufe na anayelidaka unawachukua pamoja, touchdown moja, ndio goli lao, mrushaji anapata 4 na mdakaji 6.

Na usiishie hapo. Mechi ile ile United walikuwa wameshachapwa nne bila mpaka mapumziko, watu wakazima redio, lakini Martial wao aliingia kipindi cha pili akafunga mawili. Mechi ikifunguka inafunguka pande zote, timu iliyochapwa haina la kupoteza inakimbilia mbele, na iliyoshinda imeshalegea. Ndio maana nikirundika wawili au watatu wa timu moja nikitegemea mvua ya magoli, mara nyingi naongeza mmoja wa mbele wa upande wa pili. Watu wa banda wanaona ajabu, "unashabikia nani kwani?" Sishabikii mtu, nashabikia biriani.

Kuna siku lakini mvua inanyesha upande mmoja tu. Liverpool saba, United bila, tarehe 5 Machi 2023, Salah mawili, Gakpo mawili, Núñez mawili, Firmino akamalizia (poleni ndugu zangu, mfano mzuri unajitokeza wenyewe). Aliyekuwa na watatu wa Liverpool siku ile hakuhitaji mtu mwengine, na beki wao akicheza dakika sitini bila timu kufungwa ana 4 zake pembeni.

Kwa mabeki narundika vile vile, na hapa ndipo wanaponicheka. Kipa na mabeki wawili wa timu moja, timu isipofungwa ni 4 mara tatu, 12 kwa mpigo mmoja. Ikifungwa dakika ya pili zote zimekwenda, ndio, najua, lakini nikimaliza wa mwisho napoteza nini? Ninachokataa kabisa ni kumuweka kipa wa timu fulani halafu straika anayecheza dhidi yake kwenye karatasi moja. Nimeona watu wanafanya, yani unaomba goli na unaomba lisiingie.

Kuhusu bajeti nitasema kidogo. Msimu wa 2025/26 Haaland alianza kwa milioni 14 na Salah 14.5, ukiwachukua wote wawili zimebaki 51.5 za watu tisa, kila mmoja hafiki sita. Inawezekana, lakini lazima ujue vizuri wale wa bei rahisi, nani anapiga penalti, nani anapiga kona na fri-kiki kwenye zile timu ambazo banda hatuziangalii. Sheria iliyoingia msimu huo ya kuwapa mabeki pointi 2 wakifikisha vitendo kumi vya ulinzi imewapendezesha sana mabeki wa kati wa timu ndogo, wanaokoa mipira kutwa nzima, na watu humu wamewavamia. Kwa msimu mrefu sawa kabisa. Kwa karatasi ya siku moja mimi siwapendi, 2 za kuokoa na 2 za dakika ni 4, hakuna aliyekula biriani kwa 4. Bora winga wa bei ile ile ambaye wiki tatu hana kitu na ya nne anafunga mawili.

Ah, na saa. Uingereza wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba kila mwaka watu wanachanganyikiwa. Kabla ya hapo mechi ya kwanza ya Jumamosi huku kwetu ni saa nane u nusu mchana, kopo linafungwa saa saba. Baadaye mechi ni saa tisa u nusu na kopo saa nane, na zile mechi nyingi za saa kumi na moja zinakwenda saa kumi na mbili, katikati ya magharibi, banda linabaki na watu wawili watatu na ukirudi kutoka msikitini unakuta matokeo yamegeuka na hakuna wa kukuhadithia vizuri. Kukiwa na mechi Ijumaa usiku ndio balaa zaidi, dedlaini ya FPL inakuja saa mbili u nusu usiku kama saa zao hazijarudishwa, unatoka isha unakimbia na kalamu Usita wa Mui, njia yetu kuu, unapishana na punda.

Kule Marekani mchezaji ambaye mechi yake haijaanza unaruhusiwa kumbadilisha. Tulimuomba mwenye banda turuhusu, akasema kopo likishafungwa limefungwa, anayetaka kubadilisha abadilishe banda.

Kuna jambo moja bado halijaamuliwa. Kule kwenye yale mashindano makubwa ya DraftKings mtu mmoja anaweza kuingiza mpaka timu 150, kila moja imerundika mechi tofauti. Kwetu ni karatasi moja kila mtu, lakini kuna ndugu watatu wa nyumba moja, sitaki kuwataja, wanajijua, siku hizi wanagawana, mkubwa anarundika City, wa kati Liverpool, mdogo anachukua ile mechi ambayo hakuna anayeitaka, na yeyote akishinda sahani inakwenda nyumbani kwao. Watu wamelalamika sana. Mimi nawaona wamelielewa kopo kuliko wengi wetu, na sheria ya kuwazuia utaiandikaje, utamkataza mtu asizungumze na nduguye? Mwenye banda kasema atatoa uamuzi Jumamosi hii. Pendekezo lililopo ni nyumba moja ikishinda wiki mbili mfululizo ndio inapika biriani ya tatu, na hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.

Timu yangu ya wiki hii ishakamilika, kepteni si Haaland, na mengine msiniulize mpaka saa nane ipite manake najua nyote mnasoma hapa.