Sumaku ya spika na mchanga wa Kibirizi
Jana jioni nilishuka Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika Kigoma, na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, nikaipitisha mchangani ikarudi na ndevu nyeusi za magnetaiti, oksaidi ya chuma, mdogo wangu akauliza kaka hii nguvu inaishaga? Inaisha, moto ukizidi au presha ikizidi. Hapo kwenye presha ndo nilikesha kusoma jamani!! Atomi ya chuma ina elektroni ambazo kila moja ni kasumaku kadogo, sasa ukiibana sana zinalazimika kukaa mbili mbili zikitazama kinyume, zinafutana. Hematiti, ile oksaidi nyekundu, ikibanwa kati ya ncha za almasi mbili mpaka kama mara laki 5 ya presha ya hewa, usumaku wake unapotea na inaanza kupitisha umeme. Chini kabisa ya Tanganyika letu, mita 1,470, ni mara 140 na kitu tu. Kuipata hiyo laki 5 ushuke ardhini kama kilomita 1,250, yaani reli ya Kigoma mpaka Dar uisimamishe wima. Dogo kaenda kulala na ile sumaku mkononi.