Kilomita 82 kwa sekunde

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mbarara, huku Uganda, bado ni baridi ya sweta. Mimi mtu wa Tanga. Mwaka wa pili huu hapa na mwili haujakubali. Nafungua kompyuta kabla ya chai, tabia ambayo mume wangu amechoka kuisema. Usiku niliiacha programu ikipima spektra za galaksi 12,000, yaani nuru yake iliyotawanywa rangi kwa rangi. Imemaliza, na umeme haukukatika. Nikaingiwa na wasiwasi.

Saa mbili kasoro niko kwenye boda. Dereva wangu Kiswahili alikiokota Mutukula, mpakani na Tanzania, alipokuwa akifanya biashara ya ndizi, na ananiita Mwalimu wa Nyota.

"Mwalimu, jana usiku umeona nini?"

Dari. Watu wanadhani nakesha na darubini. Darubini iliyokusanya data zangu, ya mradi wa Sloan, iko New Mexico huko Marekani, kioo chake mita 2.5, na spektra zake mtu yeyote mwenye intaneti anapakua bure. Mimi nimemaliza uzamivu, nina mkataba wa utafiti, na kutwa naandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python. Swali ninalolifukuzia ni hili: mbona galaksi nyingine bado zinazaa nyota, kama hii yetu ya Njia Nyeupe, na nyingine zimekoma? Nyota huzaliwa kwenye gesi baridi, kwa hiyo lazima ujue gesi inaingia, inatoka, au imetulia.

Saa tatu mwanafunzi wangu wa uzamili ananisubiri mlangoni, hata salamu hakumaliza.

"Mwalimu, tumepata kitu!"

Kwenye grafu yake, gesi ya kila galaksi inatuacha kwa kilomita 82 kwa sekunde zaidi ya nyota za galaksi hiyohiyo. Kila galaksi: kubwa, ndogo, changa, kongwe. Yeye anaona ugunduzi. Mimi tumbo limeshuka, maana sijawahi kuona galaksi zikikubaliana jambo lolote.

Kuanzia hapo hadi saa saba tunapekua msimbo mstari kwa mstari. Kwanza nilishuku hesabu ya mwendo wa Dunia kuzunguka Jua, lakini huo ni kama kilomita 30 tu, na hubadilika na majira. Chakula cha mchana, matoke na eshabwe (mchuzi wa samli wa huku), nilikula nikiandika namba kwenye karatasi ya kufungia.

Eshabwe ikadondokea kwenye 656.28.

Huo ni urefu wa wimbi, kwa nanomita, wa mstari mwekundu wa hidrojeni ukipimwa hewani. Kwenye ombwe, pasipo hewa, ni 656.46, kwa kuwa hewa huipunguzia nuru mwendo kidogo na wimbi hufupika. Majedwali mengi ya zamani ya maabara yana namba za hewani, na spektra za Sloan zimeandikwa kwa namba za ombwe. Ukipima hii kwa rula ya ile, mstari unaonekana umehama, na kuhama ndiko tunakosomea mwendo: tofauti ya nanomita 0.18 inageuka kilomita 82 kwa sekunde, barabara kabisa. Nyota zilisalimika kwa sababu violezo vyake, yaani spektra za mfano tunazozilinganisha nazo, vilikuwa vya ombwe tangu mwanzo.

Nani aliingiza lile jedwali? Historia ya msimbo haina aibu: mimi, mwaka jana, saa nane usiku, na maelezo yangu yanasema "marekebisho madogo".

Kurekebisha ni mstari mmoja. Jaribio la kuzuia kosa hilo lisirudi lilitula hadi saa kumi na moja, maana sasa kila jedwali linalazimika kutaja ni la hewani au la ombwe, la sivyo programu inagoma. Mwanafunzi aliandika nusu yake akiwa amenuna. Namwelewa, asubuhi alikuwa mgunduzi.

Saa moja na nusu usiku boda imenifuata. Ni Mei, anga limetakata, Salibu ya Kusini inaning'inia juu ya migomba.

"Haya Mwalimu, leo umeona nini?"

"Hewa."

Akapunguza mwendo, akageuza kichwa.

"Na wanakulipa?"