Nafasi Tumepata, Sasa Madhabahu Iko Wapi?

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tufungue Mwanzo 26, na kama uko na dakika kumi soma sura yote, juu ni sura huwa tunairuka tukitoka kwa Ibrahimu tukikimbilia Yakobo na Esau. Nawaandikia wote lakini niko na mzigo haswa kwa nyinyi mliohama Nairobi mkaenda Kitengela, Syokimau, Rongai, Ruiru, Juja, Kamulu na Joska, na nyinyi mnajipanga kuhama shule zikifunga, kwa sababu hiyo ndio safari Isaka anafanya hapa, anatoka mjini na familia yake anaenda kutafuta mahali pa kupumua.

Isaka alikuwa Gerari, mji wa mfalme Abimeleki. Alipanda mwaka wa njaa akavuna mara mia, mifugo ikaongezeka, watumwa wakawa wengi, na wenyeji wakaona wivu mpaka wakafukia visima vya babake wakavijaza udongo. Hebu fikiria mtu anafukia maji nchi kavu, afadhali wote wakose kuliko wewe upate. Mwishowe mfalme mwenyewe akamwambia atoke. Isaka hakubishana, akashuka bondeni. Akachimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakuja wakasema haya maji ni yetu. Akaacha. Akachimba kingine, wakagombana tena, akaacha. Cha tatu ndio hakuna mtu alikigombania, akakiita Rehobothi, akasema, "Kwa kuwa sasa Bwana ametufanyia nafasi, nasi tutazidi katika nchi."

Mahubiri mengi huishia hapo. Huo ndio mstari tunasomewa tukienda kubariki nyumba mpya, ata kuna watu wameuandika kwa geti, na ni sawa kabisa, Mungu akikupea nafasi mshukuru kwa sauti. Lakini msome mstari wa 23. Isaka hakukaa Rehobothi. Akapanda kutoka huko mpaka Beer-sheba, na ni Beer-sheba, sio Rehobothi, Bwana alimtokea usiku uleule akamwambia asiogope, niko pamoja nawe. Nafasi alikuwa ashapata, na bado kulikuwa na kitu Mungu alitaka kumpea chenye hakikuwa kwa hiyo nafasi.

Hii imenikaa sana moyoni tangu sisi wenyewe tuhame. Wengi wenu mnajua tulikuwa tunakaa Umoja, gorofa ya nne, vyumba viwili na watoto watatu, maji inakuja siku zake na siku hizo unaamka usiku kujaza mitungi juu ukilala imeisha. Ile ploti ya 50 kwa 100 huku Kitengela tulinunua polepole kupitia chama, tukajenga polepole zaidi, na siku tuliingia baba watoto alisimama kwa uwanja akanyoosha mikono pande zote mbili bila kugusa ukuta wa mtu. Nilimwona machozi. Mtu amelipa rent maisha yake yote ya kazi, wacha alie.

Lakini wapendwa, kuhama sio kubeba vitu tu. Watoto wetu walikuwa wanacheza kwa korido na juu ya gorofa kwa kamba za nguo, ukiita mmoja wanakuja saba. Huku walikuwa na uwanja mzima na hawakuwa na mtu wa kucheza naye. Kifungua mimba wetu, ako kidato cha pili, alikaa wiki nyingi ananuna na simu, na siku moja akaniambia, "Mum, huku ata hakuna mtu anaeza nikosa nikipotea." Hiyo sentensi sikuijibu haraka. Umoja ukiwa mgonjwa mama mboga anajua kabla ya daktari, kwa sababu hukushuka kuchukua sukuma. Mtoto wako akitoka shule mapema kuna jirani atamwekea chai. Kelele tulikuwa tunalalamikia ndio hiyo hiyo ilikuwa inabeba habari zetu. Huku kila mtu ako na ukuta, geti, na mbwa, na jirani unamjua kwa honi ya gari yake jioni. Usiku ni kimya mpaka unasikia fisi mbali huko upande wa mbuga, na kitinda mimba akawa anakuja kulala kwetu.

Na baba watoto akageuka mgeni kwa nyumba amejenga. Lazima atoke kabla ya saa kumi na moja alfajiri ndio apite Mlolongo kabla jamu ikaze. Nairobi Expressway ilifunguliwa 2022, ni kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na ukiwa chini hapo kwa jamu unaiona tu juu yako, lakini ni ya kulipia na mtu wa fea ya kila siku anapiga hesabu ya mwezi anaona bora alale kwa matatu. Anarudi saa tatu usiku watoto wamelala. Nawaambia hivi sio kulalamika. Najua mababa wengi kwa huu ushirika wanaishi hivyo na hakuna mtu huwauliza roho zao ziko aje. Tunawapongeza kwa nyumba, alafu tunawaacha barabarani.

Sasa rudi kwa mstari wa 25, uone ile order ya Isaka akifika Beer-sheba. Kwanza akajenga madhabahu akaliitia jina la Bwana. Pili akapiga hema. Tatu watumwa wake wakachimba kisima. Sisi hufanya kinyume. Kisima kwanza, tunauliza maji iko, stima iko, barabara ikoje mvua ikinyesha. Alafu nyumba. Alafu fensi, geti, kamera. Madhabahu tunasema tutaona tukitulia, na kutulia yenyewe inachukua miaka. Sisemi usiulize maji, mimi nakaa Kitengela najua boza inauzwa pesa ngapi na maji ya boholi ilivyo na chumvi, chai inakataa. Nasema tu Isaka alikuwa mtu wa nchi kavu kuliko sisi, maji kwake ilikuwa uhai na kifo cha mifugo yote, na bado alipiga magoti kabla ya kuchimba.

Madhabahu kwa familia ya siku hizi ni nini? Kwetu imekuwa kitu kidogo sana. Tuliongea mimi na baba watoto tukakubaliana, saa ile anaamka kujitayarisha, mimi naamka pia, watoto wanaamshwa, tunasimama sebuleni na blanketi zetu, mmoja anasoma mistari michache, baba anashika kila mmoja kichwa anaomba, wanarudi kulala dakika zile zimebaki. Haifiki robo saa. Siku za kwanza kulikuwa na manung'uniko, kidato cha pili haswa, lakini saa hii ni yeye anamkumbusha babake akisahau kumwombea mtihani. Mtoto anaanza siku ameguswa na babake, na baba anaenda kukaa kwa jamu akijua aliwaona wakiwa macho. Kama wewe zamu yako ni ya usiku, fanyeni jioni kabla utoke. Saa sio kitu, bora iwe saa yenye nyinyi wote mko.

Jambo la Jumapili nalo wacha niseme wazi, na mnivumilie. Ukihama mbali, wiki za kwanza utarudi kanisa lako la zamani, ni vizuri, watu wako wako huko. Alafu fea ya watu watano kwenda na kurudi inaanza kuuma, mnaenda Jumapili moja mnaruka mbili, alafu mnasema mtafuata kwa simu, alafu simu inakaa kwa meza inahubiri peke yake mkipika. Nimeona familia zenye zilikuwa nguzo tao zikiyeyuka hivi, bila dhambi yoyote kubwa, bila kukosana na mtu. Mimi maoni yangu, na najua kuna wachungaji hawatapenda, ni kwamba mahali unalala ndio mahali uabudu. Enda kwa pasta wako, mwambie umehama, akuombee akuachilie kwa amani, alafu tafuta mwili wa Kristo penye uko ata kama wanakutana kwa mabati na viti vya plastiki. Watoto wako wanahitaji marafiki wa Jumapili wenye wanaweza kukutana nao Jumanne.

Kuna sehemu nyingine ya hii sura inaniuma zaidi, na ndio nilitaka tukae nayo. Tukisoma wale wachungaji wa Gerari wakisema maji ni yetu, sisi wote tunajiona ni Isaka. Lakini fikiria kwa makini hizi nchi tumehamia. Hapa Kitengela ilikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai, ikagawanywa miaka ya 1980, na kutoka hapo ploti zikaendelea kukatwa ndogo ndogo mpaka zikatufikia sisi wa Umoja na Pipeline. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa 1946 na upande wake wa kusini huku kwetu uliachwa wazi, ndio nyumbu na punda milia watoke kwenda nyanda za Athi na Kapiti mvua ikinyesha. Kwa hivyo ng'ombe walikuwa wanapita hapa, nyumbu wanapita hapa, alafu siku moja kukawa na ukuta wangu. Hati ninayo, nililipa, simdhulumu mtu. Lakini ninaweza kuwa na hati na bado niwe yule mchungaji wa Gerari kwa roho, mtu wa kusema haya ni yangu hata salamu sina.

Kuna mzee wa Kimaasai hupitisha ng'ombe zake nyuma ya ploti yetu. Grupu ya WhatsApp ya majirani ilikuwa inamwongelea kama shida, pamoja na wezi na transfoma. Baba watoto Jumamosi moja akatoka akamsalimia, akaita watoto wakuje, na mzee akangoja. Watoto wa Eastlands hawajui, wakanyoosha mikono. Mzee akawaonyesha kuinamisha kichwa, akawagusa mmoja mmoja utosini. Tulimpea chai. Tukaongea juu ya mvua, na akatuonyesha na fimbo mahali maji hupita ikinyesha sana, pakavu kabisa, huwezi dhani, na hapo ndio tulikuwa tunataka kuweka banda la kuku. Mvua za 2024 ziliwafunza watu wengi wa Athi River na Mlolongo kwamba maji hukumbuka njia yake. Huyo mzee anaijua bila ramani. Angekuwa ametuambia tukianza kujenga, lakini hakuna mtu wa mtaa mzima alikuwa amemuuliza kitu.

Someni mstari wa 26 kuendelea. Isaka akiwa Beer-sheba, Abimeleki anakuja. Yule yule alimfukuza. Isaka anamuuliza wazi, mbona mmenijia na mlinichukia? Hakuna kujifanya. Wanamjibu tumeona hakika Bwana yuko pamoja nawe. Na Isaka anafanya nini, anawaandalia karamu. Wakala wakanywa, asubuhi wakaapiana, wakaenda kwa amani. Na mstari wa 32 unasema siku ile ile, hiyo siku ya amani, watumwa wakakuja wakamwambia, "Tumeona maji." Kile kisima walikuwa wanachimba tangu afike, maji yalionekana siku amekula na jirani. Sitaki kujenga kanuni juu ya hapo, Biblia haisemi moja ilileta nyingine. Lakini roho aliyeandika aliyaweka pamoja, siku moja, na mimi nimeamua kuyaacha pamoja.

Huku kwetu maji ya bomba yanatoka Nol Turesh, miguuni mwa Kilimanjaro, yanapita Kajiado mpaka Athi River na Machakos, na yakifika kwetu ni kwa zamu, wiki zingine hakuna. Majirani wanne wa safu yetu tumeanza kuongea tununue tenki moja kubwa na tuite boza pamoja, juu boza moja ya watu wanne ni nafuu kuliko kila mtu na mitungi yake. Hicho kikao kilifanyika kwetu, kwa chai na mahamri, na kabla ya kuongea pesa tuliomba. Mmoja ni Muislamu, akasema nanyi ombeni, mimi nasema amina. Kifungua mimba akapata kuna binti wa rika lake nyumba ya tatu, kidato cha pili pia, wote wawili walikuwa wameketi kwa simu zao mita mia kutoka kwa kila mmoja miezi yote hiyo.

Kwa hivyo wiki hii, wapendwa, kabla ya Jumapili, naomba kila familia iliyohama ifanye mawili tu. Chagueni saa ya madhabahu yenye wote mnaweza, ata kama ni dakika tano. Na mgonge geti moja, muulize jina, mseme mnakaa wapi. Nyinyi mliobaki Umoja, Kayole na Pipeline, mpigie simu mtu mmoja aliyehama, usimuulize nyumba imefika wapi, muulize amelala aje.

Na kwa maombi tubebe haya: wale watakuwa barabarani kesho kabla ya mapambazuko, madereva na makanga pia. Watoto wanaanza shule mpya katikati ya mwaka. Mama mmoja wetu wa Joska ako peke yake mchana kutwa na mtoto mchanga, amekubali niwaambie. Familia mbili za Ruiru hazijapata kanisa. Mvua ije vizuri huku nyanda, mifugo ya jirani zetu iko na njaa. Alhamisi usiku saa tatu nitawapigia tuombe pamoja, wenye bado mko kwa matatu saa hiyo ingieni tu hivyo hivyo, tutawasikia na kelele ya gari.