Ile siku anko alinunua mbuzi kibogoyo

Likizo ya Agosti 2004, nikiwa Form Two, anko alinitoa Nakuru twende Marigat, kule Baringo, kununua mbuzi. Alikuwa na pikapu nzee, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa nyuma na mbuzi tukirudi ndio wasikanyagane.

Ni kama kilomita mia hivi lakini ni kushuka tu, Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na Marigat ni kama elfu moja na kitu, unatoka na sweta asubuhi, ukifika mashamba ya mkonge ya Mogotio hapo kwa ikweta sweta imetoka, ukifika chini unatamani hata shati litoke. Ticha wa jiografia alikuwa ametuchorea Bonde la Ufa kwa ubao, kuta mbili na ardhi imezama katikati, nikakariri nikapita mtihani bila kuelewa kitu. Siku hiyo nikaelewa. Milima ya Tugen kushoto, ukuta wa Laikipia kulia, sisi huku chini kwa sufuria. Mvua inaishia kwa wenye milima, huku ni vumbi, miba na mbuzi, isipokuwa pale Perkerra ambapo maji ya mto yameingizwa kwa mifereji, unaona mahindi kijani kabisa halafu ghafla yanaisha, vumbi tena.

Tulipitia Ziwa Bogoria tukachemsha mayai kwa yale maji ya moto (mvua inazama kwa nyufa, inakutana na mawe moto huko chini, inarudi na hasira) lakini hiyo kila mtu ashasimulia.

Sokoni sasa. Anko alikuwa anajisifu kila siku ati mbuzi husomwa mdomoni, na kweli watano wa kwanza aliwafungua midomo mmoja mmoja. Wa sita, jike la kahawia, mzee mwenyewe alikuwa anauza bei ya kutupa. Kabla anko amshike, yule mzee akaniangalia nikicheka akasema, "Huyu kijana ni wa Nakuru, si mnaona meno?" Watu wakaangua kicheko. Ni kweli meno yangu ni rangi ya chai, visima vyetu vinatoa maji kwa mawe ya volkano, yana floraidi mob, na ukiyanywa ukiwa mtoto meno yakiota yanatoka hivyo. Anko naye akacheka hadi machozi, na katika hicho kicheko akatoa pesa bila kufungua mdomo wa mbuzi. Mpaka leo naamini yule mzee alijua anachofanya.

Njiani wenzake wanatafuna majani ya mahindi, huyu ananusa tu. Kufika nyumbani tukamfungua mdomo. Mbuzi hana meno ya mbele juu, hiyo ni kawaida, lakini huyu hata ya chini hakuna, ni ufizi mtupu.

Ni mathenge hiyo. Ule mti uliletwa Baringo miaka ya 80 ndio watu wapate kuni na upepo usimalize udongo, ukapenda joto la huko ukameza malisho, na maganda yake ni matamu kama peremende, mbuzi anakula mpaka meno yanaoza yanatoka. Mwaka 2006 wenyeji walimpeleka mbuzi kibogoyo kortini Nairobi kama ushahidi wa hasara ya mathenge, mimi nikiangalia kwa TV nikasema huyo namjua.

Anko alitaka kumrudisha lakini petroli ingepita bei ya mbuzi. Buchani wakamkataa, mifupa tu. Shosho, ambaye pia alikuwa amebaki na jino moja, akatoka jikoni akamwangalia sana halafu akasema, "Huyu ni wa rika langu, mleteni hapa." Akawa anamkorogea uji kila asubuhi, nusu yake nusu ya mbuzi. Krismasi ilipofika hakuna mtu alithubutu kutaja kisu.