Chemba ya mafuta ipo, lakini bomba la majitaka bado linaziba

Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za 2006 ziliweka kikomo cha mafuta kwenye bomba la majitaka la umma: miligramu 10 kwa lita, au 5 pale majitaka yanapomalizia kusafishwa kwenye mabwawa. Mgahawa mmoja wa Nairobi ulizidisha kikomo hicho ingawa una chemba ya kunasia mafuta. Kosa lilikuwa bomba la kutokea: lilichota maji ya juu, kunakoelea mafuta.

Kwenye bomba hilo nilifunga kiungio cha umbo la T cha inchi 4, mguu ukishuka hadi sentimita 20 juu ya sakafu ya chemba, kichwa wazi kipitishe hewa. Chemba huzolewa mafuta na tope vikifika robo ya kina. Maji ya moto na dawa za kuyeyusha? Mafuta hupita, yakaganda mbele.