Kalkulasi Iliyoanza Kusogea

Kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko na ya maeneo yaliyo chini ya mikunjo, niliisoma kidato cha tano hapa Moshi kwa kukariri. Nilijua kwamba x ikiwa na kipeo cha pili, ile mbili inashuka mbele, kipeo kinapungua moja, na jibu ni 2x. Lakini ungeniuliza hiyo 2x ni kitu gani, nisingekuwa na la kusema. Ndiyo maana mpwa wangu anayesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliponijia na daftari lililojaa kanuni za namna hiyo, sikumwongezea kanuni nyingine, bali nilifungua kompyuta.

Tulitumia GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, ambayo ukishaipakua hufanya kazi hata bila bando. Tulichora y = x², tukaweka nukta moja pale x ilipo 1 na nyingine mbele yake, tukapitisha mstari mnyoofu katika nukta zote mbili, na umbali wa kwenda kulia kati yake tukauita h. Kipanya nilimwachia yeye. h ikiwa 1, mwinamo wa mstari ulikuwa 3, kwenye 0.5 ukawa 2.5, kwenye 0.1 ukawa 2.1, kwenye 0.01 ukawa 2.01. Alirudi nyuma akasogeza tena taratibu, mara tano au sita, ndipo akasema, "Inakwenda kwenye mbili." Lakini h ilipofika 0 mstari ukatoweka, kwa kuwa nukta moja haitoshi kuamua mstari, naye akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza shuleni: "Sasa mjomba, kama pale kwenye sifuri hakuna mstari, hiyo mbili tunaipata wapi?" Baada ya swali hilo, kumweleza maana ya kikomo, yaani namba ambayo mwinamo unaikaribia kadiri h inavyopungua, kulikuwa kazi nyepesi.

Kibo ya Mlima Kilimanjaro ilikuwa wazi asubuhi hiyo, nikamwonyesha. Kutoka lango la Marangu, mita 1,879, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, mtu hupanda mita 4,016. Ukizigawa kwa umbali wa mlalo unapata mwinamo wa wastani, ambao haumwambii mpagazi lolote kuhusu ule mpando mkali wa changarawe ulio juu ya kambi ya Kibo.

Njia hii si ngeni. Programu ya hisabati ya kompyuta iitwayo Mathematica ilitoka mwaka 1988, na walimu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, akiwamo Jerry Uhl, waliitumia kujenga somo zima la kalkulasi ambamo mwanafunzi huanza kwa kujaribu na kutazama, na istilahi humfuata baadaye. Naamini mpangilio huo ni sahihi, ingawa mtihani wetu bado unafanywa kwa kalamu, na mkono usiozoea kukokotoa utakwama.

Jioni tuliingia kwenye eneo lililo chini ya mkunjo uleule, kuanzia 0 hadi 1, tukilifunika kwa mistatili iliyozidi kidogo juu ya mkunjo na kujumlisha maeneo yake: mistatili 4 ilitoa 0.46875, 10 ikatoa 0.385. Umeme ukakatika, na betri ya kompyuta yangu haikai. Mpwa wangu akawasha tochi ya simu, akachora mistatili 20 daftarini, akajumlisha vipeo vya pili kimoja kimoja hadi akapata 0.35875. Kisha, bila kuambiwa, akachora mingine iliyokaa chini ya mkunjo, akapata 0.30875, akazungushia namba zote mbili duara.

"Mjomba," akasema, "jibu limebanwa hapa katikati."